Samaki walao majani: wapi husafisha bwawa, na kwa nini hawakulizuia gugumaji Ziwa Victoria

Katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria na mito inayolilisha, wazo moja hurudi kila mara magugu yanapoyafunika maji: kwa nini asitafutwe samaki anayekula majani, akaachiwa humo, akaimaliza kazi ambayo mapanga, mitumbwi na mashine zimeshindwa kuimaliza? Wazo hilo si la kipuuzi. Samaki wa namna hiyo wapo, wamefugwa barani Asia kwa karne nyingi, na katika mabwawa fulani kazi yao huonekana kwa macho ndani ya msimu mmoja au miwili. Lakini historia ya maziwa ya Afrika Mashariki inaonyesha kwamba samaki huyo alikwisha kuingizwa majini zamani, kabla gugumaji halijafika, na kwamba mwenye bwawa anayetaka kufuata njia hiyo leo ana maswali ya kujiuliza kabla ya kununua vifaranga.

Samaki alitangulia, gugu likafuata

Katika miaka ya 1950, enzi za utawala wa Uingereza, idara za uvuvi zilipandikiza katika Ziwa Victoria aina kadhaa za perege wasio wa asili ya ziwa hilo. Perege wa asili walikuwa wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, na wataalamu wa wakati huo waliona kwamba mimea inayoota kandokando ya ziwa ilikuwa chakula kisicho na mlaji. Ndipo akaletwa perege ajulikanaye kwa jina la kisayansi la Coptodon zillii, ambaye zamani aliitwa Tilapia zillii: samaki mwenye tumbo jekundu, mwenyeji wa Ziwa Albert, mto Nile na maji mengi ya Afrika Magharibi. Huyu hutafuna majani. Pamoja naye aliletwa sato, ambaye leo ndiye perege anayejulikana zaidi sokoni na mabwawani, na katika muongo huohuo akaingia pia sangara, ambaye habari zake zimeandikwa mno kiasi cha kuwafunika wenzake wote.

Gugumaji, mmea wa Amerika Kusini wenye maua ya rangi ya zambarau, liliripotiwa katika Ziwa Victoria kati ya mwaka 1989 na 1990. Wakati huo mla majani alikuwa amekwisha kuishi ziwani humo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa hesabu ya kawaida, huo ndio wakati ambao angepaswa kuonyesha kazi yake. Hakuionyesha. Kufikia mwaka 1998 gugu hilo lilikuwa limefunika eneo linalokadiriwa kuwa kati ya hekta 17,000 na 20,000, likaziba bandari na mialo, likawafungia wavuvi njia ya kutoka, na likasumbua mitambo ya kuvuta maji ya matumizi ya miji.

Sababu si ngumu kuelewa mtu akiuchunguza mmea wenyewe. Gugumaji huelea, majani yake husimama hewani, juu ya uso wa maji, mahali ambapo mdomo wa samaki haufiki. Kilichomo majini ni mashina yaliyovimba na mizizi yenye nyuzi nyingi. Samaki huonekana wakidonoa katika mizizi hiyo, na jambo hilo limewapotosha watazamaji wengi, kwa maana wanachokifuata humo kwa kawaida ni wadudu na konokono waliojificha. Tishu za mmea huo zina chembe ngumu za chumvi ya oksaleti zinazoufanya usiwe chakula cha kutamanika. Zaidi ya hayo, katika maji yenye joto na rutuba, gugumaji huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, na mbegu zake hulala katika matope kwa miaka mingi zikiwa hai. Samaki anayekula kidogo leo na kidogo kesho hawezi kushindana na mwendo huo.

Mgeni huyo, hata hivyo, hakukaa bure. Makinda yake yaliishi katika maji ya kina kifupi kandokando ya ziwa, palepale yalipokulia makinda ya perege wa asili ambaye Waluo humwita mbiru. Wataalamu wa uvuvi humtaja mgeni huyo miongoni mwa sababu za kupungua kwa mbiru, pamoja na uvuvi wa kupindukia na, baadaye, sangara.

Neno moja, mimea mingi

Mjadala wa samaki na magugu huharibika mapema kwa sababu neno gugu linabeba mimea isiyofanana hata kidogo. Kuna mimea inayozama, yenye majani laini yanayoishi chini ya maji na kuonekana kama nywele au manyoya bwawa linapokuwa safi. Kuna inayoelea bila kushika udongo, kama gugumaji lenyewe, salvinia na azola. Kuna yungiyungi, ambazo mizizi yake iko matopeni na majani yake juu ya maji. Tena kuna mimea migumu ya kandokando, kama mafunjo na matete.

Kwa samaki, tofauti hii ni sawa na tofauti ya mchicha na gogo. Mimea laini inayozama huliwa kwa hamu. Inayoelea huliwa pale tu inapokuwa midogo na laini. Mafunjo na matete yaliyokomaa hayaguswi. Mwenye bwawa anayesema kuwa samaki wake wamekataa kazi mara nyingi amewapa kazi isiyo yao.

Kuna jambo jingine, nalo si gugu kwa maana hiyo. Maji ya bwawa yanapogeuka kijani kibichi kama supu ya mboga, chanzo ni vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Sato hula hivyo. Ndiyo sababu wafugaji wa samaki hutia samadi bwawani ili maji yawe ya kijani. Lakini sato huyohuyo si msafishaji wa magugu yenye majani, na dhana kwamba perege yeyote atalisafisha bwawa imewagharimu wafugaji wengi muda na fedha.

Mlaji mkubwa kutoka Asia

Samaki anayetajwa zaidi duniani kwa kazi hii ni karpe mlamajani, mwenyeji wa mito ya mashariki mwa Asia, kuanzia mto Amur hadi kusini mwa China. Ni samaki mrefu, mwenye magamba makubwa, anayeweza kuzidi mita moja kwa urefu na kilo 30 kwa uzito. Midomoni hana meno. Meno yake yako kooni, yenye kingo kama za msumeno, na kwa hayo huyakata na kuyasaga majani. Maji yakiwa na joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, karpe mwenye umri mdogo huweza kula kwa siku majani yanayokaribia uzito wa mwili wake mwenyewe.

Ulafi huo una siri yake. Utumbo wa samaki huyu ni mfupi kwa kiumbe mla majani, na takriban nusu ya anachokila hutoka bila kusagwa vizuri. Kwa hiyo rutuba iliyokuwa ndani ya magugu haiondoki bwawani. Hugeuka kinyesi, na kinyesi hulisha vijimea vya kijani. Mara nyingi mtu aliyekuwa na bwawa lenye maji maangavu na magugu mengi hujikuta ana bwawa lisilo na gugu hata moja, lakini maji yake ni ya kijani na mazito.

Wachina waliligeuza jambo hilo kuwa faida. Katika ufugaji wao wa kale, karpe mlamajani hufugwa pamoja na jamaa zake: mmoja anayechuja vijimea, mwingine anayechuja vidudu vya majini, na mwingine anayepekua matope. Mfugaji hukata nyasi shambani, huzitupa bwawani, mla majani huzila, na kinyesi chake huwalisha waliobaki. Husimuliwa kuwa ufugaji huo wa mchanganyiko ulipata nguvu wakati wa ukoo wa Tang, kwa sababu jina la karpe wa kawaida lilifanana kwa sauti na jina la ukoo wa mfalme, na kumla kukawa ni utovu wa adabu; wafugaji wakalazimika kutafuta samaki wengine. Iwe kweli au hekaya, mbinu yenyewe ingali inatumika. Yafaa kukumbuka kwamba huko samaki huyu hakupewa kwanza kazi ya kupambana na magugu. Alipewa kazi ya kuyageuza majani kuwa kitoweo.

Marekani ndiyo iliyomwajiri kama mfyekaji. Aliingizwa huko mwaka 1963, na baada ya miaka michache tu alikuwa amekwisha kutoroka kutoka mabwawa ya utafiti katika jimbo la Arkansas. Tangu hapo ameenea katika majimbo mengi. Jibu la wanasayansi lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980: mayai yaliyokwisha kurutubishwa hushtuliwa kwa joto, baridi au mgandamizo mkubwa, na samaki anayetokea huwa na seti tatu za kromosomu badala ya mbili, hivyo hawezi kuzaa. Majimbo kadhaa sasa huruhusu samaki tasa peke yake, na hata hao kwa kibali. Pamoja na tahadhari hizo, mwaka 2015 mayai ya karpe mlamajani yalipatikana katika mto Sandusky, unaomwaga maji yake katika Ziwa Erie. Hofu ya huko ni kwamba atayala majani ya maeneo oevu ambamo samaki wa asili na ndege hulelea makinda yao.

Bwawani karpe huyu hazai mwenyewe, kwa sababu mayai yake hayana budi kuelea katika maji yanayotiririka kwa masafa marefu hadi yaanguliwe. Wauzaji wa vifaranga hulitaja jambo hilo kama dhamana. Dhamana hiyo inatosha pale ambapo bwawa halifuriki kuelekea mto mkubwa. Katika nchi zenye mito mirefu na ya maji ya vuguvugu, haitoshi.

Naivasha: mlaji aliyekula kisichotakiwa

Mfano ulio karibu zaidi wa kile kinachoweza kutokea haukuletwa na samaki, bali na kamba. Mwaka 1970 kamba mwekundu wa maji baridi, ambaye asili yake ni kusini mwa Marekani, aliachiwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya kwa ajili ya biashara. Wakati huo ziwa hilo lilikuwa na mashamba ya mimea laini chini ya maji, na yungiyungi zilizopamba kingo zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea hiyo ilikuwa imetoweka karibu yote.

Salvinia, gugu linaloelea ambalo lilikuwa limeingia Naivasha kabla ya kamba huyo, halikumalizwa naye. Gugumaji nalo lilitokea huko mwishoni mwa miaka ya 1980 na likapata nafasi tele. Mlaji aliondoa mimea ya asili, iliyokuwa ikishika matope na kuyaacha maji yakiwa maangavu, akawaachia wageni uwanja. Mimea ya asili imewahi kurejea kwa vipindi kamba wanapopungua, kisha ikapotea tena. Kwa mtu anayetafuta picha ya hatari iliyomo katika kumwachia mlaji asiyechagua gugu lililokusudiwa, Naivasha inatosha.

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya samaki na wadudu waliotumiwa Ziwa Victoria. Uganda iliwaachia wadudu wawili wa jamii ya fukusi mwaka 1995, na Kenya ikafuata mwaka 1997. Fukusi hao walitoka kulekule lilikotoka gugumaji, na kabla ya kuachiwa walichunguzwa kwa muda mrefu ili kuhakikisha kwamba hawawezi kuishi na kuzaliana kwa kula mimea mingine. Mabuu yao hutoboa mashina, maji na vijidudu vya kuozesha huingia, na mmea huzama. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya utando ule ilikuwa imepungua, ingawa wataalamu hawakubaliani ni kiasi gani kilitokana na fukusi na kiasi gani kilitokana na mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998. Katika Ghuba la Winam, karibu na Kisumu, gugu limerudi mara kwa mara, kwani maji machafu ya miji na rutuba kutoka mashambani huendelea kulilisha. Fukusi hawaliondoi kabisa, lakini hawamgeukii mwingine linapopungua.

Bwawa la mlimani na mto wa nchi nne

Suala hili si la Kenya na Uganda peke yake. Mto Kagera, ambao ndio mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria, hukusanya maji ya Ruvubu kutoka Burundi na ya Nyabarongo kutoka Rwanda, hupita mpakani mwa Tanzania na kugusa Uganda kabla ya kufika ziwani. Mafungu ya gugumaji husafiri juu ya mto huo, na sehemu ya gugu linaloonekana ziwani huletwa na maji yake. Njia inayopitisha gugu hupitisha pia samaki. Bwawa la familia moja mlimani, likivunjika ukingo usiku wa mvua ya masika, linaweza kupeleka kiumbe kigeni katika maji ya nchi nne.

Katika Burundi na Rwanda jambo hili lina undani ambao haupatikani penginepo, kwa kuwa mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile hupita ndani ya nchi hizo. Perege mwingine mla majani, Coptodon rendalli, ni mwenyeji wa Ziwa Tanganyika. Katika bwawa linalotiririkia mto Rusizi sehemu za chini, au linalotiririkia ziwa lenyewe, samaki huyo yuko nyumbani kwao. Akitoroka huwakuta ndugu zake. Ng'ambo ya pili ya mgongo huo, katika maji yanayokwenda Kagera, samaki huyohuyo ni mgeni, hata kama amekwisha kusambazwa na wafugaji katika maji mengi yasiyokuwa yake. Ramani ya utawala haiwezi kuonyesha jambo hilo. Mteremko wa maji unaonyesha.

Perege huyo ana sifa za kazi. Hula mimea laini inayozama, huvumilia mabwawa madogo, na nyama yake huliwa. Ana kasoro mbili. Ya kwanza ni uzazi: dume na jike huchimba viota chini ya bwawa na kulinda maelfu ya mayai, na bila kambare wa kupunguza makinda, bwawa hujaa visamaki visivyokua. Ya pili ni kwamba hachagui shamba. Maji yakimfikisha kwenye mpunga mchanga, atautafuna.

Kwa bwawa dogo lililozingirwa na magugu yanayozama, kazi ya kwanza hufanywa kwa mikono na jembe. Mimea hiyo hustawi pale mwanga unapofika chini, hivyo kingo zenye kina cha kufika kifundoni zikichimbwa hadi kufikia mita moja, sehemu kubwa ya makao yake huondoka. Kinachong'olewa hutolewa kabisa ukingoni na kufanywa mboji, kwa maana kikiachwa kioze majini huondoa oksijeni na samaki huanza kutwetea juu ya maji alfajiri. Samadi hupunguzwa. Ukanda wa nyasi kati ya shamba na bwawa huzuia udongo na mbolea kuteremka.

Samaki huja baada ya hapo, kuzuia magugu yasirudi, na kwa idadi ndogo. Miongozo ya Marekani kuhusu karpe mlamajani hutaja makumi machache tu kwa hekta, wenye urefu wa kiganja na zaidi ili wasimezwe na kambare au ndege. Kwa bwawa la ukubwa wa kiwanja cha nyumba, hesabu hiyo ni samaki mmoja au wawili. Anayetia mia moja atapata bwawa tupu kama sahani iliyooshwa, kisha samaki wenye njaa wanaonyoosha midomo kwenye nyasi za ukingoni, na watakaoishi hivyo kwa miaka kumi au zaidi.

Kuingiza samaki kutoka nje ya nchi, au kumhamisha kutoka bonde moja la maji hadi jingine, ni jambo la kuuliza kwanza kwa ofisa wa uvuvi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1992 kuhusu uhai anuwai unazitaka nchi wanachama kuzuia viumbe wageni wanaohatarisha mazingira na viumbe wengine. Ofisa huyo atataka kujua aina ya gugu, jina kamili la samaki, na mahali yanapokwenda maji ya bwawa linapofurika. Wavu wa matundu madogo hufungwa kwenye mdomo wa kuingizia maji na wa kutolea, nao husafishwa kila wiki wakati wa mvua, kwani ukizibwa na majani maji hutafuta njia juu ya ukingo, na samaki huifuata.